Toba Yenye Jembe

Sisi watu wa Embu tumezoea udongo mwekundu usiomnyima mtu mwenye jembe. Huenda basi hatujajiuliza: ardhi ikiharibiwa na kazi ya mikono yetu, ni nani atakayeiponya? Asubuhi hii twendeni Mombasa, tukatazame mahali pawili.

Pa kwanza ni Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe hapo mpaka pakabaki jangwa tupu. Mwaka wa 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyefanya kazi katika kiwanda hicho, alianza kupanda miti. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni 3 tu, mojawapo mvinje. Lakini majani makavu ya mvinje yalilala chini bila kuoza. Ndipo alipomwona jongoo akiyala. Akaleta jongoo kwa mamia, nao wakayageuza kuwa mbolea. Leo mahali hapo ni msitu wenye twiga na viboko, nao huitwa Haller Park.

Pa pili ni Owino Uhuru. Hapo kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi, kando ya nyumba za watu, mpaka kikafungwa mwaka wa 2014. Kiwanda kilinyamaza, lakini risasi haiozi, wala hakuna jongoo awezaye kuimaliza. Hukaa vumbini, na mtoto achezaye chini huimeza, ikadhuru ubongo wake. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hukumu hiyo ni njema. Lakini karatasi haizoi udongo. Sharti mtu ashike sepetu.

Ndugu zangu, kule Bamburi aliyechimba alirudi alipochimba. Ndivyo alivyofanya Zakayo, tunayesoma habari zake katika Luka 19. Hakutosheka kusema kwamba amekosa. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Toba yake iligusa mfuko. Sisi wachungaji tumehubiri sana toba ya machozi, na mara nyingine tukaisahau toba ya jembe.

Na hapa kwetu je? Maji ya kuoshea kahawa yakimwagwa mtoni, anayeyateka ni jirani wa chini. Betri kuukuu ikivunjwa uani, watakaochezea hapo ni watoto wako mwenyewe. Leo, kabla jua halijatua, zunguka boma lako utazame. Usiseme, "Mvua itaosha." Mvua haiondoi sumu, huipeleka tu kwa mwingine.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetuumba kwa udongo, utusamehe tulivyoutia sumu. Utupe moyo wa kurudi tulipoharibu, na nguvu za kutengeneza. Amina.