Wakili na Makuli wa Kingston

Tukisema msaada wa kisheria, wengi wetu huwaza mahakama tu. Tutazame kisiwa cha Jamaika. Norman Manley alirejea huko mwaka 1922 baada ya kusomea sheria Uingereza, akawa wakili mashuhuri. Mei 1938, wakati wa mgomo wa kudai ujira katika kiwanda cha sukari cha Frome, polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi wakawaua baadhi yao. Uchunguzi ulipoitishwa, Manley alikwenda kuitetea kampuni. Tusimhukumu upesi: wakili hula kwa ada, na mwenye ada alikuwa kampuni. Lakini ghasia zilipozuka Kingston mwezi uleule, alisimamisha shughuli zake za uwakili, akajitolea kuwasemea wafanyakazi. Bustamante, binamu yake na kiongozi wa wagomaji, alikuwa amekwisha kutiwa korokoroni. Makuli wa bandari walikataa kurudi kazini, hata walipoahidiwa nyongeza, mpaka yeye aachiliwe. Manley alihangaika kati ya serikali na makuli. Baada ya siku chache Bustamante akatoka. Ni nani aliyeishinda serikali? Sisi tunaona ni makuli. Wakili aliyafikisha maneno yao mezani.