Aliyepona Si wa Kukimbiwa

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wananchi)



Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja, nalo ni jinsi tulivyowatendea jirani zetu waliopatwa na Korona. Mgonjwa wa kwanza katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 1 Aprili vijana wawili waliopona walijitokeza mbele ya taifa kueleza habari zao. Wako waliofurahi, lakini wengine wengi waliwadhihaki, wakadai kwamba hawakuugua kamwe bali wamelipwa waseme uongo, na mambo yao ya faragha yakaenezwa ovyo katika simu za watu. Basi yule aliyekuwa nyumbani akikohoa usiku ule, akayaona hayo, je, asubuhi yake angekwenda kupimwa?

Watu waliiogopa karantini kuliko ugonjwa wenyewe. Mwezi ule wa Aprili waliovunja amri ya kutotoka usiku walipelekwa humo kama kwa adhabu, na wengi waliowekwa karantini walidaiwa gharama zake, mpaka Serikali ilipokubali kuzibeba mwezi wa Mei. Pahali pa kuwalinda watu pakawa kama jela, na aliyetoka humo akatazamwa kama mfungwa. Tena mwezi ule ule wa Aprili, huko Siaya, marehemu mmoja alizikwa usiku bila jeneza. Ninyi mnajua maana ya maziko kwetu. Ni nani aliyesikia habari hiyo angependa jina la ugonjwa huo litajwe juu ya baba yake? Afadhali kunyamaza, na aliyenyamaza aliendelea kwenda sokoni, na kula pamoja na mama yake mzee.

Mimi nami sina haki ya kuwanyoshea wengine kidole. Jirani yangu aliporudi kutoka hospitali, nilizunguka njia ya mbali kwa majuma mazima nisipite mlangoni pake. Nilijiambia kwamba ninajihadhari. Kumbe madaktari wanasema kwamba mtu ambaye ugonjwa haukumzidi sana, kwa kawaida hawezi kuambukiza zikiisha siku 10 tangu dalili kuanza. Nilikuwa nikimkimbia mtu asiye na hatari yo yote.

Hali ya dharura ya Korona duniani ilitangazwa kwisha tarehe 5 Mei 2023, walakini tabia hii haikwisha nayo. Watazameni wenye kifua kikuu. Ugonjwa huo huenea kwa hewa, si kwa kikombe, na kwa kawaida mgonjwa akimeza dawa sawasawa kwa majuma machache haambukizi tena. Hata hivyo kikombe chake hutengwa mwaka mzima. Naye kwa kuona haya huenda kuchukua dawa mbali na kwao, nauli ikamshinda, akaziacha kabla ya miezi 6 kutimia. Ndipo ugonjwa hurudi, na pengine dawa zile zile zisiuweze.

Basi jirani yako akirudi kutoka hospitali, nenda ukamsalimu. Ikiwa madaktari wamesema asikaribiwe bado, simama uani umwulize amelalaje, umwachie maziwa au kuni mlangoni. Na mama muuza mboga akipona, kanunue kwake kama zamani.

Sasa mwenye swali na aulize.