Motere moja, gari mbili: tuamue nini?

Maneno ya kamati mbele ya mkutano mkubwa wa wanachama, Baraka



Tuko na Hilux mbili, na leo hakuna hata moja inayoweza kupanda mpaka Fizi. Ile nyeupe, tuliyopewa na wafadhili, shasi yake ni nzima na karatasi ziko sawa. Lakini motere yake, 2L ya lita 2.4, imepasuka kulase: inakunywa maji, inachemka mbele ya kufika mlimani. Ile ya bluu, tuliyonunua kwa michango yetu wenyewe, iko na motere 3L ya lita 2.8, ingali na nguvu. Shasi yake sasa imeliwa na kutu, imeungwa mara mbili na imekatika tena.

Mwezi uliopita mama mmoja wa kwetu alishushwa toka Fizi kwa pikipiki, uchungu umemkamata. Mungu alisaidia. Tusimjaribu mara ya pili.

Swali ni hili: tutoe motere ya bluu, tuiweke kwa nyeupe?

Fundi anasema inawezekana. 2L na 3L ni za ukoo mmoja. Kwa gari zetu, itakaa palepale na itafunga kwa bwate ileile. Lakini kazi haiishie pale. Kwanza, mbele ya kufungua bulo hata moja, apime mgandamizo wa silinda zote nne. Moja ikiwa dhaifu, tutakuwa tumehamisha ugonjwa tu. Pili, mkanda wa taiming uwe mpya: ukikatika njiani, pistoni zinagonga valvu na motere inakufa. Tatu, radiatere isafishwe. Nne, namba ya motere ibadilishwe kwa karatasi, bariere isipate cha kutuuliza.

Kuna waliotuambia: «Bluu ni jasho letu. Mtaiua ili ya wafadhili iishi?» Tunawaelewa. Tulipovuka ziwa toka Nyarugusu na Lugufu hatukuwa na kitu. Ile gari njo ya kwanza tuliyoita yetu. Lakini ikibaki chini ya mwembe, kuku tu ndio watapanda. Jasho halipotei, linahamia. Na masalio yake hayauzwi: resori, magurudumu, bwate, vyote viandikwe kwa daftari, na kitu kisitoke bila sahihi mbili.

Kununua kulase ya okazyo? Bei yake ni nafuu, ndiyo. Lakini nyingi zimekwisha kuchemka kwa mwenyewe wa kwanza, na ufa hauonekani kwa macho.

Kwa hiyo tunaomba hivi: tupime kwanza. Vipimo vikiwa vizuri, tubadilishe. Vikiwa vibaya, turudi hapa mbele ya kutoa dola yoyote. Kila fakture itasomwa mkutanoni, na wafadhili watapata kopi.

Sasa neno ni lenu. Anayekubali ainue mkono. Anayekataa asimame atuambie sababu.