Tulianza na Kaptura

(Maneno ya mama mmoja kwa wanakisomo wa Kwihara, Tabora)

 

Nimeombwa niseme habari za mwanangu. Ana miaka kumi na moja, na ana usonji. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliieleza hali hii mwaka 1943, lakini watoto hawa walikuwepo tangu zamani. Ubongo wao hukua kwa namna yake. Siyo jini, siyo laana, wala siyo kosa la mama.

Miaka saba nilimvalisha mimi, nikamwogesha mimi. Nilisema, huyu hawezi. Kisha nikaugua malaria, nikalala siku tatu. Siku zote tatu mtoto alikaa na kaptura ile ile chafu. Pale kitandani nikajiuliza: nikifa je?

Mwalimu mmoja akanielekeza: anzia mwisho wa kazi. Basi, nilimvalisha kaptura mpaka magotini, nikasema neno moja tu, "Vuta." Nikashika mikono yake, tukavuta pamoja. Papo hapo nikamsifu na kumpa karanga. Kwa nini tuanzie mwisho? Kwa sababu kila siku anayemaliza ni yeye. Baada ya wiki tatu akavuta peke yake. Ndipo nikamwachia kaptura chini zaidi, kwenye vifundo vya miguu. Mwisho kabisa akajifunza kuingiza mguu.

Miezi minne kwa kaptura moja! Mume wangu alicheka. Nikamwambia, baba, wapagazi wetu wa Kinyamwezi walitoka hapa Unyanyembe na mizigo kichwani. Nani aliyelala Bagamoyo siku ile ile? Si walikwenda kambi kwa kambi?

Kunawa mikono kulikuwa kwepesi kidogo. Kibuyu chirizi kinakaa mti ule ule, sabuni upande ule ule. Ukutani nimechora kwa mkaa: maji, sabuni, sugua, suuza. Ninyi wanakisomo mnajua, picha ilitangulia herufi. Lakini siku mgeni alipohamisha kibuyu, mtoto alipiga kelele mpaka majirani wakaja.

Kuoga je? Maji ya kichwani yalimtisha. Nilidhani ni ukaidi, nikampiga. Nasema kwa aibu. Kumbe wengi wao, tunachokiona kidogo sisi, wao huwaumiza. Sasa napasha maji moto kidogo, tunaanza na miguu, na kopo anashika mwenyewe.

Chooni bado tunahangaika. Anaogopa giza la shimo. Tumetoboa tundu la mwanga, na kila akimaliza kula nampeleka. Siku nyingine anakubali, siku nyingine anakimbia.

Nasikia humu kijijini yuko mtoto anayefungiwa ndani. Sitaki kujua ni nyumba ipi. Namwomba mama yake aje kwangu Jumamosi, aje naye. Alete na kaptura moja ya mpira kiunoni. Vifungo tutaviona baadaye.