Sheikh Al-Amin Mazrui na Vijana wa Mji wa Kale



Mada niliyopewa ni wahubiri walioitia nguvu imani ya vijana wa Mombasa. Ni wengi, na baadhi yao wangali hai, Mungu awazidishie umri. Nitamzungumzia mmoja tu: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947. Nimemchagua kwa kuwa aliwataka vijana wafikiri, tena wafikiri kwa Kiswahili.

Alizaliwa katika ukoo uliokwishanyang'anywa utawala. Wamazrui, waliokuwa wakiitawala Mombasa, waliondolewa Ngomeni na Sayyid Said, Sultani wa Omani, mwaka 1837, na mwaka 1895 Waingereza nao wakatangaza himaya yao. Sheikh alipofika utu uzima, reli na bandari ya Kilindini zilikuwa zimeivuta biashara kutoka Mji wa Kale, na kazi za ofisini zikawaendea waliosoma shule za wamishonari na za serikali. Kijana wa mtaa wa Kibokoni au Kuze alitoka chuoni amehitimu Qurani, lakini hana cheti cha kuombea kazi. Anyong'onyee? Aiache dini ili apate riziki? Sheikh Al-Amin alikataa yote mawili.

Yeye mwenyewe alikuwa mwanachuoni wa kikwetu hasa. Alisoma hapa kwa jamaa zake, kisha Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Lakini pia alilisoma jarida la Al-Manar la Rashid Rida, lililotoka Cairo, akaona kwamba maradhi ya Mombasa yalikuwa ya Waislamu wengi duniani. Ndipo mwaka 1930 akaanza kutoa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Makala yake yalikusanywa baadaye katika kitabu cha Uwongozi.

Alihubiri nini humo? Aliwakemea wazazi waliotumbukia katika madeni kwa ajili ya harusi. Aliwakemea vijana walioiga mavazi ya Mzungu wakaiacha elimu yake. Alitetea watoto wa kike wasomeshwe. Aliwaambia Waislamu kwamba unyonge wao haukuandikwa mbinguni, bali umetokana na kuacha kwao elimu na kazi. Kwa kijana aliyezoea kuambiwa asubiri, nadhani maneno haya yalikuwa makali, na pia yalimheshimu. Anayelaumiwa kwa hali yake ameshaambiwa kuwa anaweza kuibadilisha.

Sikubaliani naye katika kila jambo. Alizipiga vita mila nyingi za pwani akiziita bidaa, na masharifu na masheikh wengine hawakuridhika naye. Mimi naamini kuwa maulidi yamewafunza watoto wetu kumpenda Mtume kuliko tunavyokiri. Lakini hata aliyempinga ilimbidi atafute hoja, na vijana wakasikia hoja zikijibiwa kwa hoja.

Tena hakuwasubiri watoto wakue. Aliwaandikia vitabu vidogo vya mafunzo ya dini, kwa Kiswahili chepesi. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na hata hivyo hakuacha kusomesha. Ndiyo maana athari yake inaonekana zaidi kwa wanafunzi wake kuliko kwa cheo. Mmoja wao, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuja kuwa Kadhi Mkuu naye. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Mzanzibari, alishika cheo hicho hicho mwaka 1968, na mwaka uliofuata tafsiri yake ya Qurani nzima kwa Kiswahili ikachapishwa. Sheikh Al-Amin alianza tafsiri yake mwenyewe, mauti yakamkuta hajaimaliza. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alikuwa na umri wa miaka 14 tu baba yake alipofariki. Baba alitamani aende Al-Azhar; akaenda vyuo vya Magharibi, na mwaka 2014 akarudishwa kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake, karibu na Ngome.

Ombi langu kwa chuo hiki ni la kazi. Nakala za Sahifa na Al-Islah zitafutwe majumbani na maktabani kabla mchwa hawajazimaliza, zipigwe picha, na Uwongozi uchapishwe upya kwa bei ambayo mwanafunzi wa madrasa anaiweza. Wanaojua nakala ziliko tuonane baada ya sala ya Isha.