Supachaja au Turbo?

Natumaini kila mmoja amekwisha kupata nafasi ya kukaa, na daftari liko tayari. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno mawili, kwa herufi kubwa: SUPACHAJA, TURBO. Yasomeni pamoja, polepole. Haya ni majina ya vyombo viwili vya motokaa, na leo tutazungumza juu yake.

Dereva mmoja ametuletea barua. Ana motokaa ndogo ya Toyota, injini ya lita moja na nusu, ile ambayo mafundi huiita 1NZ. Gari hilo ndilo linalomlisha. Ameweka akiba kidogo, naye anauliza: “Nifunge supachaja au turbo, ili gari lipande mlima bila kuchoka?” Ameuliza wakati mzuri, maana fedha bado zi mfukoni.

Kwanza tujue nguvu ya gari hutoka wapi. Wengi watajibu, “Hutoka katika petroli.” Hilo ni jibu nusu. Petroli haiwaki bila hewa. Ili kilo moja ya petroli iungue sawasawa, huhitaji karibu kilo 15 za hewa. Kuongeza petroli katika injini ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kuongeza hewa. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe, pistoni inaposhuka, kama mtu anavyovuta pumzi. Haiwezi kuvuta kupita kipimo cha kifua chake.

Mmemwona mhunzi na mivukuto yake. Makaa ni yale yale, lakini akianza kuvukuta, moto hubadilika rangi na chuma hulainika. Supachaja ni mivukuto ya injini. Turbo nayo ni mivukuto ya injini. Zote mbili husukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Linalozitofautisha ni hili: nani anaivuta mivukuto?

Supachaja huvutwa na injini yenyewe. Mkanda hutoka kwenye krenki, kama ule unaozungusha dainamo, nao huizungusha supachaja. Injini ikizunguka, supachaja nayo inazunguka, kwa hiyo ukikanyaga mafuta hewa iko tayari, hakuna kungoja. Lakini mkanda ule haufanyi kazi bure. Supachaja hula sehemu ya nguvu ya injini kabla ya kuisaidia, kama kibarua anayedai mshahara kabla hajashika jembe. Na mshahara huo hulipwa kwa petroli.

Turbo huvutwa na moshi. Karibu theluthi moja ya joto la petroli hutoka nje kwa bomba la moshi na kupotea. Turbo ina feni mbili ndogo katika mhimili mmoja. Moshi huizungusha feni ya kwanza, na feni ya pili husukuma hewa safi kwenda katika injini. Feni hizo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ndiyo, laki moja, sikukosea kusoma. Kwa kuwa moshi ulikuwa unakwenda kupotea, turbo hutumia petroli vizuri zaidi. Ila ina tabia moja: injini ikizunguka polepole, moshi ni dhaifu. Unakanyaga mafuta, unangoja kidogo, ndipo gari linaruka. Huko ndiko kuchelewa kwa turbo.

Watu husema basi jambo limekwisha: anayetaka nguvu ya mara moja achukue supachaja, na anayetaka kuokoa petroli achukue turbo. Hapo zamani ilikuwa karibu na kweli. Lakini tazameni gari dogo liitwalo Mini Cooper S, linalotengenezwa Oxford, Uingereza, na kampuni ya BMW. Mwaka 2002 gari hilo lilitoka na injini ya lita 1.6 yenye supachaja, nguvu za farasi 163. Mwishoni mwa mwaka 2006 likaja la namna mpya, injini ya lita 1.6 vile vile, lakini mara hii na turbo, nguvu za farasi 175. Lile la supachaja lilifikia mvuto wake mkubwa kabisa injini ilipozunguka mara 4,000 kwa dakika. Lile la turbo liliufikia wake kwa mizunguko 1,600 tu, na mvuto wenyewe ulikuwa mkubwa zaidi. Nalo lilikunywa petroli kidogo kuliko la kwanza. Wako wapenzi wa Mini mpaka leo wanaopenda la kwanza kwa ajili ya mlio wake, na siwalaumu, mlio ule ni mtamu. Lakini mlio haupandi mlima.

Wako waliotaka vyote viwili. Volkswagen, mwaka 2005, walitoa Golf ya lita 1.4 yenye supachaja na turbo pamoja, nguvu za farasi 170. Ilikwenda vizuri, lakini ilikuwa mashine ya gharama na mambo mengi. Injini za lita 1.4 walizotengeneza baadaye zikabaki na turbo peke yake.

Kwa wanaoishi nyanda za juu, Nairobi au Mbeya, liko jambo jingine. Huko hewa ni nyepesi. Kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari, injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Turbo iliyoundwa vizuri huweza kuzunguka upesi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Supachaja ya mkanda hufuata mwendo wa krenki tu, haiwezi kuongeza. Ndiyo maana katika Vita Kuu ya Pili eropleni kubwa za Marekani, kama B-17, zilifungwa turbo ili ziruke juu sana.

Je, sasa tumwambie ndugu yetu akanunue turbo? La. Ngojeni.

Pistoni inapopanda huibana hewa. Ile Mini ya kawaida, isiyo na supachaja, ilibana hewa mara 10.6, yaani hewa ya vikombe kumi na zaidi hukazwa ikae katika kikombe kimoja. Walipoifunga supachaja, wenye kiwanda walipunguza, ikawa mara 8.3. Kwa nini? Kwa sababu hewa iliyokwisha kusukumwa, ikibanwa tena sana, hupata joto kali. Petroli huwaka yenyewe kabla ya wakati, injini inagonga, gasketi ya hedi inaungua, na mwishowe pistoni inatoboka. Injini ya 1NZ hubana mara 10.5. Haikuundwa kusukumiwa hewa. Ukiisukumia, ni lazima hewa iwe kidogo, na petroli na moto wa plagi vipimwe upya na fundi mwenye vyombo vya kupimia. Akikosea, mwenye gari hana kazi kesho.

Kwa mtu asiyekubali kushindwa, supachaja ya nguvu ndogo ni rahisi kufunga kuliko turbo, maana haiguswi njia ya moshi. Mimi lakini nisingefunga yo yote. Ningeanza na chujio la hewa, plagi, na kupima mgandamizo wa kila silinda. Mara nyingi gari linalochoka mlimani limeziba pua tu. Na kama bado haitoshi, ningeweka akiba mpaka nibadilishe kwa gari lililotoka kiwandani na turbo yake.

Anayenunua gari la turbo lililotumika alitazame moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mhimili wa turbo huelea juu ya oili, kwa hiyo oili ibadilishwe kwa wakati, na iwe ile aliyoagiza mtengenezaji. Baada ya kupanda mlima mrefu, usizime injini papo hapo. Iache ingurume dakika moja au mbili, turbo ipoe. Ukizima ghafula, oili iliyobaki ndani huungua ikawa masizi magumu, na masizi hula mhimili.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni maneno haya: hewa, mkanda, moshi, mhimili, oili. Chini yake kila mtu aandike sentensi mbili, moja juu ya supachaja, moja juu ya turbo, aonyeshe kila moja inazungushwa na nini. Mwalimu atasahihisha. Katika somo lijalo tutasoma habari za breki. Kwaherini.