Namba ya Mji Wetu
(Hotuba kwa wanachama na wanafunzi katika mkutano wa mwaka)



Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Katika namba hiyo yumo mchukuzi wa Kariakoo, yumo mama lishe, nanyi mliokuwa hapa mjini mmo. Naomba tuitazame kama tulivyofundishwa darasani.

Jumlisha tarakimu zake, utapata 36. Kwa kuwa 36 hugawanyika kwa tisa, namba nzima nayo hugawanyika kwa tisa. Sasa igawe kwa saba: 769,104, bila baki. Gawa tena: 109,872. Tena: 15,696. Mara ya nne ndipo inabaki mbili. Ukiivunja yote unapata 2 mara nne, 3 mara mbili, 7 mara tatu, na namba tasa 109 mara moja. Huo si muujiza, ni sadfa tu. Lakini sadfa hiyo iliniokoa.

Usiku mmoja niliinakili namba hii katika taarifa ya kazi, nikaandika 5,383,278. Nikaipima kwa tisa: jumla ya tarakimu 36, sawa. Nikalala. Asubuhi nikaipima kwa saba, ikabaki tano. Nikarudi kwenye kitabu cha sensa, nikaona: 7 na 2 zimebadilishana nafasi.

Kwa nini tisa haikuona? Tarakimu zikihama nafasi, jumla yake haibadiliki. Kwa hiyo kosa la namna hiyo daima hugawanyika kwa tisa. Langu lilikuwa 450. Saba haiigawi 450, ndiyo maana ikaniumbua.

Vijana, watu 450 ni wengi kuliko waliojaa ukumbi huu. Niliwafuta kwa kalamu, na kipimo changu kikasema mambo ni barabara.

Mfanyabiashara wa jumla pale Kariakoo hahesabu fedha mara moja akafunga droo, huzirudia. Nanyi mtakapokabidhiwa hesabu za watu, zipimeni kwa njia zaidi ya moja, kisha mrudi kwenye chanzo. Kila kipimo kina kosa kisichoweza kuliona, na nyuma ya kila tarakimu kuna mtu.